Jina la Kuazima, Kiwanda cha Kununua: Uchambuzi wa Kisa cha Caterham, 2009–2021

Kisa hiki cha Caterham, kampuni ndogo ya magari ya Uingereza, na timu ya mbio za Formula 1 iliyobeba jina lake, kimeandikwa kwa ajili ya wanaosoma biashara, na zaidi kwa anayefikiria kununua kampuni ndogo yenye jina kubwa. Wafanyakazi, mafundi, wauzaji wa vipuri na wadai hawatajwi kwa majina. Waliotajwa ni wenye mali, wakuu na madereva ambao mambo yao yamekuwa hadharani kwa miaka mingi, pamoja na kampuni ambazo bila kuzitaja kisa kingepoteza maana. Panapotolewa maoni badala ya habari, nimejitahidi ionekane hivyo.

Usuli: kampuni iliyonunuliwa

Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa gari dogo lililoitwa Seven. Lilikuwa na viti viwili, halina paa la kueleweka, na magurudumu ya mbele yalichomoza nje ya bodi. Wengi walilinunua likiwa vipande, na sababu ilikuwa kodi. Uingereza ya siku zile ilitoza kodi ya ununuzi kwenye gari lililokamilika, lakini haikutoza vipande, mradi muuzaji asitoe maelekezo ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba Chapman aliwapa wateja maelekezo ya kulifungua gari, nao wakayasoma kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Kufikia 1973 Lotus ilikuwa imechoka na Seven. Ilitaka kutengeneza magari ya bei ya juu. Haki za kulitengeneza zikachukuliwa na Graham Nearn, muuzaji wa magari hayo katika mji mdogo wa Caterham, Surrey. Mwaka huohuo kodi ya ongezeko la thamani ikaanza Uingereza na ule unafuu wa vipande ukatoweka. Kwa hesabu ya kawaida biashara ilipaswa kufa palepale, lakini haikufa. Watu waliendelea kununua makasha ya vipande, kwa sababu walipenda kuunda gari kwa mikono yao kwenye gereji ya nyumbani. Atakayeelewa jambo hilo ameielewa Caterham yote.

Nearn alilitengeneza gari hilo kwa zaidi ya miaka 30. Kiwanda kilihamia Dartford, Kent, mwaka 1987. Januari 2005 kampuni ikauzwa kwa wawekezaji wa Corven Ventures, huku uongozi ukishikwa na Ansar Ali, aliyekuwa amefanya kazi Lotus. Wakati kisa chetu kinaanza, kampuni ilitengeneza magari yapatayo 500 kwa mwaka, kila moja likiwa na uzito wa karibu nusu tani, kwa injini zilizonunuliwa kutoka Ford.

Kuna kitu kimoja zaidi kwenye mali hiyo ambacho wasimuliaji wengi wa kisa hiki hukiruka. Tangu 1995 Caterham ilikuwa na mashindano yake kwa watu ambao hawajawahi kushindana hata mara moja. Mteja analipa, anapewa gari, wengi wanaliunganisha wenyewe, wanapata leseni ya udereva wa mbio, kisha wanashindana msimu mzima na wageni wenzao. Baadhi yao hupanda ngazi hadi mashindano ya magari yenye nguvu zaidi, yote yakiwa ya Caterham. Kwa maneno mengine, kampuni hii ilikuwa tayari kwenye biashara ya mbio, na mbio zake zililipiwa na mteja.

Usuli: mnunuzi

Tony Fernandes, raia wa Malaysia, ni mhasibu aliyepitia kampuni za muziki kabla ya kuingia kwenye usafiri wa anga. Mwaka 2001 yeye na wenzake walinunua AirAsia kwa ringgit moja, wakabeba na madeni yake ya takriban ringgit milioni 40. Ndani ya miaka michache ikawa shirika la nauli nafuu linalojulikana Asia nzima. Tukio hilo lilimjenga sifa ya mtu anayeona thamani mahali ambapo wengine wanaona hasara, na ni haki kusema sifa hiyo aliistahili.

Septemba 2009 alipewa nafasi ya kuingiza timu kwenye mbio za Formula 1 kwa msimu wa 2010. Timu mpya zilivutwa na ahadi ya Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, kwamba matumizi ya kila timu yangewekewa kikomo cha pauni milioni 40 kwa mwaka. Timu kubwa zilipinga na kikomo kikaachwa. Wageni walikuwa kama mtu aliyeingia dukani akiona bei moja rafuni, akafika kaunta akakuta nyingine, na foleni nyuma yake haimruhusu kurudisha bidhaa. Moja kati ya timu zilizokubaliwa, ya Marekani, haikufika hata kwenye mbio za kwanza. Tatu zilifika: ya Fernandes, ya Richard Branson, mwanzilishi wa shirika la ndege la Virgin Atlantic, na ya Wahispania. Fernandes na Branson waliwekeana dau kwamba atakayeshindwa atavaa sare ya mhudumu wa ndege katika shirika la mwenzake. Branson alilipa deni hilo Mei 2013, kwa sketi na rangi ya mdomo, kwenye ndege ya AirAsia kutoka Perth kwenda Kuala Lumpur. Nalitaja dau hilo kwa sababu linaonyesha hali ya hewa ya wakati ule: mamilionea wawili wachangamfu, na mashindano waliyodhani ni ya nauli nafuu.

Mfuatano wa matukio

Timu ilikuwa na miezi sita tu kabla ya mbio za kwanza, Bahrain, Machi 2010. Ilihitaji gari, wafanyakazi, karakana na jina. Karakana ilipatikana Hingham, Norfolk, na mkuu wa ufundi akawa Mike Gascoyne. Jina lilikodiwa. Group Lotus, mtengenezaji wa magari wa Uingereza, ilikuwa mali ya Proton, kampuni ya magari ya Malaysia, hivyo leseni ya kutumia jina la Lotus ilipatikana nyumbani. Timu ikaitwa Lotus Racing, madereva wakiwa Jarno Trulli na Heikki Kovalainen. Ilimaliza msimu katika nafasi ya kumi bila pointi, ikiwa bora kati ya wageni watatu.

Wakati huohuo Group Lotus ilikuwa imepata mkuu mpya, Dany Bahar, mwenye mipango mikubwa. Kwenye maonyesho ya Paris ya 2010 alizindua magari mapya matano kwa mkupuo, na alitaka jina la Lotus uwanjani liwe mikononi mwake. Leseni ya Fernandes ikavunjwa. Septemba 2010 Fernandes akajibu kwa kununua haki za jina Team Lotus kutoka kwa David Hunt, aliyezishika tangu timu ya zamani ya jina hilo ilipokufa miaka ya 1990. Group Lotus nayo ikaingia mkataba na timu ya Renault. Msimu wa 2011 ukaanza na timu mbili zenye neno Lotus, zote zikitumia injini za Renault, na mashabiki wakiuliza ipi ni ipi.

Shauri lilisikilizwa Mahakama Kuu ya London mwanzoni mwa 2011. Tarehe 27 Aprili, kabla hukumu haijasomwa, ikatangazwa kwamba upande wa Fernandes umenunua Caterham Cars. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Mei, Jaji Peter Smith akatoa uamuzi ambao kila upande ungeweza kuusherehekea: timu ya Fernandes ina haki ya kujiita Team Lotus, Group Lotus nayo ina haki ya kutumia jina Lotus kwenye Formula 1, na timu ilikuwa imevunja masharti ya leseni ya awali, kwa hiyo inapaswa kulipa fidia.

Novemba 2011 Kamisheni ya Formula 1 ilikubali mabadiliko ya majina. Team Lotus ikawa Caterham, na timu ya Renault ikawa Lotus. Idhini hiyo ilikuwa muhimu kuliko inavyosikika, kwa sababu timu inayobadilisha jina la gari lake bila ridhaa hiyo huhatarisha mgao wa fedha iliozipata kwa matokeo ya nyuma.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Karakana ya timu ilihamishwa kutoka Norfolk kwenda Leafield, Oxfordshire, mwaka 2012. Likaundwa kundi la kampuni zenye jina moja: timu ya Formula 1, timu ya ngazi ya chini yake ya GP2, kampuni ya uhandisi, kampuni ya vifaa vya nyuzi za kaboni, na magari yenyewe. Agosti 2011 Fernandes alikuwa pia amenunua klabu ya soka ya Queens Park Rangers. Novemba 2012 Renault na Caterham zikatangaza ubia wa nusu kwa nusu kufufua Alpine, jina la zamani la magari ya kasi, katika kiwanda cha Dieppe, Ufaransa, kila upande ukipata gari lake kutoka kwenye msingi mmoja. Septemba 2013, kwenye mbio za Singapore, likaonyeshwa gari la mfano lililoitwa AeroSeven, lenye bodi ya kaboni iliyofunika magurudumu. Novemba mwaka huohuo, kwenye maonyesho ya Milan, zikazinduliwa pikipiki za Caterham. Naam, pikipiki.

Uwanjani mambo yalikuwa finyu. Mwaka 2012 timu iliinyakua nafasi ya kumi kwenye mbio za mwisho kabisa, Brazil, pale Vitaly Petrov alipompita Charles Pic wa Marussia zikiwa zimebaki duru chache na kumaliza wa 11. Mwaka uliofuata Pic huyohuyo akawa dereva wa Caterham, na Marussia ikaichukua nafasi ya kumi. Caterham ikawa ya mwisho.

Mwaka 2014 kanuni mpya za injini ziliongeza gharama kwa kila timu. Mwanzoni mwa mwaka Fernandes alisema wazi kwamba wakiendelea kubaki mkiani haoni sababu ya kuendelea. Mei, huko Monaco, Jules Bianchi wa Marussia alimaliza wa tisa na kupata pointi mbili. Pointi hizo mbili zilitosha kuzika matumaini ya Caterham ya kurudi kwenye kumi bora. Juni ubia wa Alpine ukavunjwa na Renault ikachukua hisa zote. Julai timu ikauzwa kwa wawekezaji waliotajwa kuwa wa Uswisi na Mashariki ya Kati, kupitia kampuni iitwayo Engavest, akishauri Colin Kolles, aliyewahi kuongoza timu nyingine za Formula 1. Wafanyakazi zaidi ya 40 wakaachishwa kazi mara moja.

Oktoba kampuni iliyounda magari ya timu, Caterham Sports Limited, ikawekwa chini ya wasimamizi wa kisheria, wanaoshika kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Haki ya kushindana ilikuwa ya kampuni nyingine, 1MRT ya Malaysia. Wanunuzi wakasema muuzaji hajawahi kuwahamishia hisa. Muuzaji akasema wanunuzi hawakutimiza masharti ya malipo. Milango ya Leafield ikafungwa. Timu ikakosa mbio za Marekani na Brazil. Wasimamizi wakafanya jambo ambalo Formula 1 haikuwa imezoea: wakaitisha harambee mtandaoni, wakilenga pauni milioni 2.35, na mashabiki wakachanga sehemu kubwa yake. Magari mawili yakaenda Abu Dhabi, yakiendeshwa na Kamui Kobayashi na Will Stevens. Stevens alimaliza wa 17, wa mwisho kati ya waliofika. Hakuna mnunuzi aliyejitokeza baada ya hapo. Watu zaidi ya 200 walipoteza ajira, na mwaka 2015 vifaa vikapigwa mnada.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, kukodi jina, ni rahisi kuulaumu leo. Ukiwa na miezi sita na hujaajiri hata mchoraji wa gari, jina linalojulikana linakupa wadhamini na wahandisi ambao wasingepokea simu yako. Tatizo lilikuwa nani anamiliki mlango wa kutokea. Leseni ilimpa mwenye jina nguvu ya kuivunja, na timu haikuwa na jina la akiba.

Uamuzi wa pili ndio kiini cha kisa. Kwa nini ununue kiwanda cha magari 500 kwa mwaka wakati unasubiri hukumu? Naona njia tatu zilikuwa mbele ya Fernandes. Angeweza kusubiri mahakama na kuweka kila kitu kwenye jina la Lotus, ambalo hata kwa ushindi angelitumia pamoja na mshindani. Angeweza kuiita timu AirAsia, na kuigeuza kuwa bango la shirika la ndege. Njia safi kisheria, lakini kila gari linalozimika uwanjani lingekuwa tangazo baya la ndege. Au angeweza kununua jina lenye historia yake, ambalo hakuna mtu angemnyang'anya. Caterham ilikuwa karibu ya pekee iliyotimiza sharti hilo: ndogo kiasi cha kununulika, ya Kiingereza, inayoheshimiwa na wapenda mbio, na zaidi ya yote, mrithi halali wa gari la Chapman mwenyewe. Aliyekuwa akigombana kuhusu urithi wa Lotus alinunua kipande cha urithi huo ambacho Lotus yenyewe ilikuwa imekiuza miaka 38 nyuma.

Wakati wa ununuzi hilo halikusemwa hivyo. Caterham ilitambulishwa kama ndugu wa Team Lotus, na likatolewa hata toleo maalumu la Seven lenye rangi za timu. Lakini tazama tarehe. Ununuzi wa Aprili ulimpa uwezo wa kufanya Novemba kile ambacho bila Caterham kingekuwa kujisalimisha: kuliachia jina ambalo mahakama ilikuwa imempa haki ya kulitumia. Kwa bei ya kampuni ndogo alijinunulia nafasi ya kutoka vitani akiwa amesimama. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, na nafikiri haujapewa sifa yake kwa sababu ya yaliyofuata.

Uamuzi wa tatu, kupanua jina, ulifuata fikra ya AirAsia: ukishakuwa na jina linalopendwa, liweke kwenye hoteli, kadi za benki, simu. Kwa nauli nafuu fikra hiyo ina mantiki, kwa sababu ahadi ya jina ni bei, na bei nafuu inaweza kuhamia kwenye bidhaa nyingine. Ahadi ya Caterham ilikuwa upungufu uliochaguliwa: hakuna redio, hakuna milango ya maana, hakuna kilo isiyohitajika. Ahadi ya namna hiyo haihamishiki kwenye pikipiki ya matairi manene.

Uamuzi wa nne, kuuza timu na kubaki na kiwanda, ulifanywa kwa kuchelewa lakini ulifanywa katika mpangilio sahihi. Mtu aliyeumia angeweza kuuza vyote kwa pamoja na kuondoka. Fernandes alitenganisha kinachokula na kinacholisha.

Matokeo

Kwa jina la Caterham timu ilishiriki mbio 56 na kupata pointi sifuri. Gari la mfano la AeroSeven halikuingia sokoni. Alpine A110 lilikuja kuuzwa kuanzia mwishoni mwa 2017, likiwa la Renault peke yake, na likasifiwa kote kwa wepesi wake. Sifa ambayo kwa mpango wa awali Caterham ingeigawana.

Kiwanda cha Dartford kiliendelea. Hakikuwa ndani ya ufilisi wa timu, na viongozi wake walilazimika kulirudia hilo kwa wateja walioona jina lao kwenye habari za milango iliyofungwa. Katika miaka hiyohiyo ya kelele kilikuwa kimetoa bidhaa ambayo ni jibu la kweli kwa swali la kukua: gari dogo zaidi. Mwishoni mwa 2013 lilizinduliwa Seven 160, lenye injini ya Suzuki ya silinda tatu na ujazo wa sentimita za ujazo 660, nguvu za farasi 80 na uzito wa kilo 490, kwa bei ya kuanzia pauni 14,995 likiwa vipande. Japani liliingia kwenye daraja la magari madogo sana, ambayo wamiliki wake hupata unafuu wa kodi. Ansar Ali alikuwa amekwisha kuondoka na kuanzisha kampuni yake ya magari mepesi, Zenos, ambayo nayo iliingia mikononi mwa wasimamizi mwaka 2017. Soko hili halimhurumii hata anayelijua. Caterham ikaongozwa na Graham Macdonald, aliyetoka upande wa fedha wa kampuni hiyohiyo.

Machi 2021 Fernandes aliiuza Caterham kwa VT Holdings ya Japani, baada ya miaka kumi ya kuimiliki.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Kutenganisha kampuni kisheria kulikiokoa kiwanda. Wadai wa timu hawakuweza kufika Dartford, kwa kuwa Caterham Cars ilikuwa na vitabu vyake, mikataba yake na uongozi wake. Hili si bahati. Makundi mengi ya kampuni yanayoanguka huwa yamekopeshana na kudhaminiana hadi huwezi kujua deni ni la nani, na mtoto anayefanya kazi anauzwa kulipia aliyelala. Jina lilikuwa moja, lakini mifuko ilikuwa tofauti.

La pili ni kwamba mmiliki hakukigeuza kiwanda. Seven liliendelea kuwa Seven. Mnunuzi mwenye pesa na mipango mara nyingi huanza kwa kuifuta bidhaa iliyomvutia, na Group Lotus ya Bahar ni mfano wa jirani kabisa: magari matano yaliyozinduliwa Paris hayakufika sokoni kama yalivyoahidiwa, na mwaka 2012 mkuu huyo akaondolewa. Fernandes alijenga mambo mengi kando ya kiwanda, lakini ndani yake aliwaachia wanaojua.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Wengi husema timu ilikufa kwa kukosa fedha. Ni kweli, ila hakufafanui jambo. Timu ilikufa kwa sababu mapato yake yalitegemea mstari mmoja kwenye jedwali. Fedha za Formula 1 ziligawanywa kwa namna ambayo tofauti kati ya kumi na kumi na moja ilikuwa mamilioni ya dola, na nafasi ya kumi iliamuliwa na mambo kama nani kamaliza wa 11 na nani wa 12 kwenye mvua ya São Paulo. Biashara ambayo mwaka wake mzima unaning'inia kwenye tukio la dakika chache haiwezi kuwa nguzo ya kundi. Inaweza kuwa bahati nasibu ya tajiri, na hapo ni halali yake, mradi asiitwike majukumu mengine.

Hapo ndipo narudi kwenye mashindano ya wageni niliyoyataja mwanzoni. Siku ya ununuzi kulikuwa na aina mbili za mbio chini ya mmiliki mmoja. Kwenye moja, mteja analipia gari, matairi na furaha yake, na kampuni inabaki na faida pamoja na mnunuzi wa kudumu wa vipuri. Kwenye nyingine, mmiliki analipia kila kitu akitumaini wadhamini. Mantiki ya ununuzi ilidai kwamba ya pili ingeinua ya kwanza: watu waione Caterham kwenye televisheni, kisha waende kununua Seven. Sioni dalili kwamba ilitokea hivyo kwa kiwango cha maana, na ukimfikiria mteja mwenyewe utaona kwa nini. Anayenunua gari lisilo na paa katika nchi ya mvua, aliunganishe kwa majira yote ya baridi, hakushawishiwa na gari la kijani linalopitwa kwa mara ya tatu Jumapili mchana. Ameshawishiwa na jirani yake mwenye Seven. Ikiwa lipo lililopita kati ya pande hizo mbili, lilipita kinyume: heshima ya miaka 38 ya Caterham Cars iliikopesha timu uso wa kuonekana nao.

Ubia wa Alpine unastahili neno lake. Kwenye karatasi ulikuwa mpango bora kuliko yote katika kisa hiki, kwa kuwa ungempa mtengenezaji mdogo kitu ambacho hawezi kukijenga peke yake: gari jipya kabisa, lenye majaribio ya usalama na karakana ya kisasa, kwa nusu ya gharama. Lakini nusu ya gharama ya Renault bado ni mzigo wa Renault. Mbia mdogo anapaswa kutoa hela kwa kasi ya mbia mkubwa, na mwaka ambao hela zilihitajika ulikuwa uleule ambao timu ilikuwa ikivuja kuliko wakati wowote. Kwa maoni yangu hasara kubwa ya Formula 1 kwa Caterham ndiyo hii, wala haimo kwenye hesabu za ufilisi.

Namna timu ilivyouzwa pia ilikuwa na kasoro ya kufundishia. Haki ya kushindana iliwekwa kwenye kampuni moja, mashine na wafanyakazi kwenye nyingine, na mauzo yakatangazwa kabla hisa hazijahama. Muundo uleule wa mifuko tofauti uliolinda kiwanda uliwaacha watu wa Leafield bila mwajiri anayekiri kuwa wao ni wake. Kwa miezi mitatu kila upande uliweza kusema mwenye mali ni yule mwingine. Anayesoma kisa hiki kama mwekezaji atakiona kifungu cha uhamisho wa hisa. Fundi aliyefika kazini Oktoba akakuta geti limefungwa alikiona kifungu hichohicho kwa macho mengine, na wachambuzi wa biashara hawamkumbuki mara nyingi.

Mnunuzi wa 2021 alikuja kwa njia nyingine. VT Holdings ni kundi la wauza magari lililokuwa likiiwakilisha Caterham Japani tangu 2009, yaani kabla ya Fernandes kuinunua. Lilijua ni nani ananunua Seven, analalamikia nini, na vipuri gani huisha kwanza. Halikuleta timu ya Formula 1. Lilileta fedha za kuhamia kwenye kiwanda kikubwa zaidi, hapohapo Dartford, na mwaka 2023 likaonyesha gari la mfano la umeme, Project V, lenye paa na milango kamili. Kama gari hilo litauzika ni swali lililo wazi, kwa sababu betri ni nzito na Caterham imeishi kwa kukataa uzito. Wakati linajibiwa, Seven bado linatoka Dartford, na bado unaweza kuletewa nyumbani likiwa kwenye makasha.